Jinsi ya Kuandaa Tangazo la Ukumbi wa Sinema, Kuanzia Wazo Hadi Skrini

Tangazo lililotengenezwa kwa ajili ya televisheni likipelekwa sinema bila kuguswa, mara nyingi hufika likiwa limekwisha kuharibika. Rangi zake zimefifia, namba ya simu iliyoandikwa chini imefichwa na vichwa vya waliokaa mbele, sauti ya msemaji inatoka upande mmoja wa ukumbi, na sekunde zake zimevuka muda uliolipiwa. Mwenye tangazo hugundua hayo akiwa amekwisha kulipa, au hagundui kabisa kwa sababu hakuwahi kwenda kuliangalia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye biashara, taasisi au chama kinachotaka kutumia dakika zile za kabla ya filamu kwa mara ya kwanza, na hoja yake ni moja tu: ukumbi wa sinema una tabia zake, na tangazo la humo hutungwa, hupigwa picha, huchanganywa sauti na kukaguliwa kwa kufuata tabia hizo tangu siku ya kwanza.

Fahamu kwanza unachonunua

Muda wa kabla ya filamu una ngazi zake, na kila ngazi ina bei yake. Watazamaji wa kwanza wanapoingia, taa bado zinawaka na skrini huonyesha picha mnato za matangazo, kila moja kwa sekunde chache, zikizunguka na kurudia. Baadaye huja matangazo ya picha zinazotembea, taa zikiwa zimepunguzwa nusu au hazijapunguzwa kabisa. Kisha huja trela za filamu zijazo, na katika kumbi nyingi kuna nafasi moja ya mwisho kabisa, baada ya trela zote na kabla ya filamu yenyewe, ambayo huuzwa ghali kuliko zote. Ughali huo una sababu: kufikia hapo mlango umetulia, taa zimezimwa, waliochelewa wameketi, na hakuna anayezungumza.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza wakala au mwenye ukumbi ni tangazo lako litakaa wapi katika mpangilio huo; bei ifuate baadaye. Sekunde 30 zinazoonyeshwa robo saa kabla ya filamu, watu wakiwa bado wamepanga foleni ya bisi, si bidhaa moja na sekunde 30 zinazotangulia filamu kwa dakika moja, hata kama karatasi ya bei inaziita kwa jina moja. Uliza pia taa zinakuwa katika hali gani wakati huo. Jibu litakusaidia utakapofika kwenye rangi, kwa sababu tangazo lenye picha za gizagiza huoshwa na taa zilizobaki zikiwaka na kuonekana kama ukungu.

Uliza tena jumla ya dakika za matangazo na trela kabla ya filamu. Mtazamaji amelipa kiingilio, na uvumilivu wake una kikomo. Mwaka 2025 tume ya kutetea walaji mjini Bengaluru, India, iliamuru kampuni moja ya sinema imlipe fidia mteja aliyelalamika kwamba alipotezewa takribani dakika 25 kwa matangazo, ingawa amri hiyo ilisimamishwa baadaye na mahakama ya juu ya jimbo. Lolote litakaloamuliwa na mahakama, tangazo linaloonyeshwa mbele ya watu waliokwisha kuudhika hubeba sehemu ya maudhi hayo. Mimi ningelipa zaidi kuwa ndani ya kundi dogo la matangazo kuliko kulipa kidogo nikawa wa kumi na tano.

Namna za kuuza nazo hutofautiana. Kuna ununuzi wa ukumbi, ambao tangazo huonyeshwa katika kila onyesho la ukumbi au jengo fulani kwa wiki kadhaa bila kujali filamu. Huu hufaa biashara ambayo wateja wake wanaishi karibu na sinema. Kuna ununuzi wa filamu, ambao tangazo huifuata filamu fulani kila inakoonyeshwa. Na kuna ununuzi wa idadi ya watazamaji, ambao muuzaji huahidi idadi ya tiketi na kuendelea kuonyesha tangazo hadi idadi hiyo itimie. Katika ununuzi wa filamu kuna hatari moja ambayo wageni hawaioni: filamu inaweza kuanguka wiki ya kwanza, ikapunguziwa maonyesho, na tangazo likaanguka nayo. Usikubali mkataba wa namna hiyo bila kipengele kinachosema tangazo litahamishiwa wapi filamu ikiondolewa mapema.

Uchaguzi wa filamu hauhitaji ushabiki. Filamu inayozungumzwa na kila mtu hujaza viti, lakini pia huvuta kila tangazo lenye fedha, na lako litabanwa kati ya makampuni makubwa yaliyotumia mwaka mzima kuandaa la kwao. Filamu ya watoto ya mchana huleta wazazi, babu na bibi, watu wanaoamua matumizi ya nyumba. Filamu ya kutisha ya usiku huleta vijana wanaokuja wawiliwawili au kwa makundi. Daraja la umri la filamu pia huamua bidhaa gani inaruhusiwa mbele yake, na tangazo lako nalo huenda likahitaji kupewa daraja lake. Hapo hapo omba, kwa maandishi, kwamba mshindani wako asiwekwe katika kundi moja na wewe. Benki mbili zikifuatana, mtazamaji hukumbuka tangazo la benki na kusahau ni benki ipi.

Picha mnato

Kama fedha ni kidogo, picha mnato haina aibu. Ni mrithi wa vioo vyenye picha vilivyomulikwa kwa taa na kuonyesha majina ya maduka kwenye skrini tangu zama za filamu bubu. Ichukulie kama bango la barabarani: jina, sentensi moja, picha moja, mahali ulipo. Herufi nyeupe au za njano kwenye rangi iliyokolea husomeka vizuri zaidi kuliko herufi nyeusi kwenye weupe mtupu, ambao kwenye skrini ya upana wa mita 10 hugeuka kuwa taa ya kuumiza macho. Anayejaribu kuorodhesha huduma zake zote nane hapo amejilipia karatasi isiyosomwa.

Kutunga kwa ajili ya watu walioketi

Tangazo la kwenye simu hutungwa kwa hofu kwamba mtu atalipita baada ya sekunde mbili, ndiyo maana hupiga kelele mwanzoni, huonyesha nembo mapema na kurudia jina mara tatu. Hofu hiyo haina nafasi sinema. Mtazamaji ameketi, haruki kitu, habadilishi chaneli, na skrini ndiyo kitu pekee chenye mwanga mbele yake. Amekuja kwa hiari yake kusimuliwa hadithi. Tangazo linaloanza kwa kumsimulia kitu humkuta tayari, na linaloanza kwa kumfokea humkumbusha kwamba bado hajaanza kupata alicholipia.

Muda wa kawaida ni sekunde 15, 30, 60 na 90. Kwa kampuni isiyojulikana ningependekeza sekunde 60 katika kumbi chache badala ya sekunde 15 katika kumbi nyingi, kwa kuwa faida kubwa ya sinema juu ya vyombo vingine ni nafasi ya kutulia. Ukiwa na sekunde 60 unaweza kuacha sekunde 10 za kwanza zipite bila neno, ukamwonyesha fundi akinoa kisu chake au mama akifunga mlango alfajiri, na watazamaji wakanyamaza wenyewe wakitaka kujua ni nini. Ukimya huo haununuliki kwenye televisheni. Sinema unapatikana bure, na wengi huutupa kwa kuweka muziki kuanzia fremu ya kwanza.

Skrini kubwa hubadilisha sarufi ya picha. Uso wa mtu uliopigwa karibu, ambao kwenye simu ni wa kawaida, sinema huwa na urefu wa mita kadhaa. Kila jasho na kila kusitasita huonekana, na mwigizaji anayedanganya hushikwa papo hapo. Picha pana yenye watu wadogo kwa mbali, ambayo kwenye simu haina maana, sinema hupendeza sana. Ukataji wa haraka nao una gharama: jicho la mtazamaji linapaswa kusafiri kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine, na kama kitu muhimu kiko kushoto katika picha moja na kulia katika picha inayofuata iliyodumu nusu sekunde, aliyekaa safu ya tatu hatakiona kamwe. Mhariri mzuri huweka kitovu cha picha mahali pamoja anapokata haraka, na hukata polepole anapotaka jicho lihame.

Maandishi yawe machache na yakae sehemu ya kati au ya juu kidogo. Ukingo wa chini ni wa hatari katika kumbi zenye sakafu isiyo na mwinuko wa kutosha, na kingo za pembeni huweza kuliwa na mapazia meusi yanayofunika skrini. Soma maandishi yako kwa sauti mara mbili bila haraka. Muda uliotumia ndio muda ambao yanapaswa kubaki. Kuhusu masharti na vigezo vya herufi ndogo, ambavyo wanasheria hupenda kuvipanga chini, fahamu kwamba sinema huvifanya vikubwa vya kutosha kusomeka, na vikisomeka huua tangazo. Ofa inayohitaji mistari minne ya masharti itafutiwe chombo kingine.

Kichekesho kinahitaji hesabu. Ukumbi uliojaa ukicheka, kicheko hufunika sentensi inayofuata, na kama sentensi hiyo ndiyo yenye jina la bidhaa, umelipa ili watu wacheke bila kujua nani aliyewachekesha. Acha sekunde moja au mbili baada ya neno la kuchekesha, lakini uzijaze kwa kitendo cha kuonekana, kama mtu kuokota kofia yake au mbwa kugeuka, kwa sababu siku ya Jumatatu mchana kutakuwa na watu tisa ukumbini, hakuna atakayecheka kwa sauti, na pengo tupu litaonekana kama kosa la mhariri.

Kumbuka pia kwamba wapenzi wa sinema hurudi. Mtu anayekwenda kila wiki ataona tangazo lako mara nne kwa mwezi, tena bila uwezo wa kulikwepa. Kutoka katika siku moja ya kupiga picha, hariri matoleo mawili au matatu yenye miisho tofauti. Gharama inayoongezeka ni ndogo ukilinganisha na chuki unayoiepuka.

Msimbo wa kuchanganua kwa simu, ule mraba wenye vidoti, umekuwa ukiombwa na kila mteja. Mimi huwashauri wasiuweke. Dakika ile ile ukumbi unawaomba watu wazime simu, nawe unawaomba waziwashe, wazielekeze kwenye skrini kutoka pembe za ajabu na kuwamulika majirani zao. Jina linalotamkika, likisemwa mara moja kwa uwazi mwishoni, hufanya kazi nzuri zaidi, na msimbo wenyewe uweke kwenye bango la ukumbi wa nje, kwenye tiketi au kwenye kikombe, ambako simu hutolewa tena mfukoni.

Kuna wanaouliza kuhusu ujumbe wa siri unaomulikwa haraka kiasi kwamba jicho halitambui. Chanzo cha imani hiyo ni James Vicary, aliyedai mwaka 1957 kwamba maneno ya kuhimiza kula bisi na kunywa Coca-Cola, yaliyomulikwa katika sinema moja ya Fort Lee, New Jersey, yalipandisha mauzo. Mwaka 1962 alikiri kwa jarida la Advertising Age kwamba data alizokuwa nazo zilikuwa chache mno kuwa na maana. Usitumie fedha huko.

Picha inayofika skrini ikiwa salama

Kumbi za kidijitali hazipokei faili la kawaida la video. Hupokea kifurushi kinachoitwa DCP, ambacho misingi yake iliwekwa na studio kubwa za Marekani katika maelekezo ya kiufundi yaliyotolewa mwaka 2005. Ndani yake kila fremu ni picha inayojitegemea iliyobanwa kwa mfumo wa JPEG 2000, sauti iko katika faili lake bila kubanwa, na orodha fupi huieleza seva ya ukumbi, yaani kompyuta inayotunza na kucheza filamu, nini kichezwe pamoja na nini. Mkondo wa picha huruhusiwa kufikia megabiti 250 kwa sekunde, hivyo tangazo la sekunde 30 linaweza kukaribia gigabaiti 1. Studio nyingi za uhariri hutengeneza DCP, na zipo programu za bure zinazoifanya kazi hiyo vizuri. Shida hutokana na malighafi mbaya zaidi kuliko kifurushi chenyewe.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni la kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde. Sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, ilhali televisheni katika nchi nyingi huenda kwa 25. Tangazo la televisheni la sekunde 30 lina fremu 750. Zikichezwa kwa 24 huchukua sekunde 31 na robo, muziki unazama kidogo, na wewe umevuka muda uliolipia. Kuzigeuza fremu kwa mashine ili muda ubaki uleule huleta mitetemeko katika mienendo ya taratibu, na kwenye skrini kubwa mitetemeko hiyo haijifichi. Dawa ni kupiga picha kwa 24 tangu mwanzo. Kama picha zilipigwa kwa 25, hariri upya hadi upate fremu 720, ambazo ni sekunde 30 kamili za sinema, ukikata pale ambapo hadithi inaruhusu.

La pili ni umbo la picha. Skrini za sinema hutumia maumbo mawili makuu: moja la pikseli 1998 kwa 1080, na jingine pana zaidi la 2048 kwa 858. Matangazo mengi huombwa katika umbo la kwanza, lakini usikisie. Uliza kila ukumbi kwa maandishi. Video ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 ikiwekwa ndani ya umbo la kwanza huacha mistari myeusi ya pikseli 39 kila upande, jambo ambalo watu wengi hawalioni, na ni afadhali kuiacha hivyo kuliko kuikuza picha ukapoteza sehemu ya juu na ya chini. Video ileile ikitiwa katika umbo pana hubaki kama kisanduku katikati ya giza. Hilo kila mtu huliona.

Rangi ndizo huumiza watu zaidi. Mwangaza wa kiwango wa skrini ya sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba, wakati skrini ambayo wahariri wa televisheni huitumia kurekebisha rangi huwekwa kwenye kandela 100, na simu ya mkononi huvuka hapo kwa mbali. Kinachong'aa kwenye simu, sinema huwa cha wastani. Hii haimaanishi uongeze mwanga kila mahali, kwa maana weupe uliokithiri hupoteza umbile la nyuso na mawingu. Inamaanisha kwamba rangi zirekebishwe kwa projekta, ndani ya chumba cheusi, na mtu anayejua kugeuza rangi za video kuwa zile za XYZ, mfumo wa kuandika rangi unaotumiwa na DCP. Ugeuzaji huo ukirukwa, ngozi za watu hupoteza rangi yake ya kweli. Kama huwezi kulipia chumba cha projekta, angalau epuka matukio yanayotegemea giza kuu, kwa sababu ya zile taa zilizobaki zikiwaka.

Sauti: mahali pa kutumia fedha iliyobaki

Ningelazimishwa kuchagua kati ya kamera ya bei kubwa na siku moja ya kuchanganya sauti katika chumba cha sinema, ningechagua siku ya sauti bila kusita. Ukumbi una spika tatu nyuma ya skrini, za kushoto, katikati na kulia, spika za pembeni na za nyuma, na spika ya besi. Maneno hukaa spika ya katikati. Faili la televisheni lenye mikondo miwili tu likichezwa humo, spika ya katikati hunyamaza, maneno hutoka kushoto na kulia kwa pamoja, na aliyekaa pembeni husikia msemaji akiongea kutoka spika iliyo karibu naye huku mdomo unaosogea uko katikati ya skrini. Hata kama huna uwezo wa kuchanganya mikondo yote sita, mwombe fundi aweke maneno katikati na muziki kushoto na kulia. Hilo peke yake hutatua nusu ya tatizo.

Ukubwa wa sauti nao una mipaka. Kwa kipimo kinachotumika sinema, Leq(m), ambacho hupima kero ya sauti kwa urefu wote wa tangazo, kiwango kinachopendekezwa kwa matangazo hakizidi desibeli 82, na kwa trela 85. Kwa vile ni kipimo cha wastani, tangazo lenye ukimya mwingi linaweza kuwa na mshindo mmoja mkubwa na bado likapita, ilhali tangazo linalopiga kelele mfululizo litalazimika kushushwa lote. Hapo ndipo ule ukimya wa sekunde 10 za mwanzo unapolipa mara ya pili. Kelele zina adhabu nyingine: watazamaji hulalamika, meneja humwagiza fundi ashushe kidhibiti cha sauti kutoka 7, ambayo ndiyo namba ya rejea, hadi 5 au chini ya hapo kwa kipindi chote cha matangazo, na aliyechanganya kwa adabu hushushwa pamoja na waliofoka. Kwa hiyo maneno ya muhimu yasemwe kwa uwazi, bila muziki mzito chini yake, ili yaendelee kusikika hata kidhibiti hicho kikishushwa.

Karatasi kabla ya faili

Leseni ya muziki uliyopata kwa ajili ya televisheni au intaneti kwa kawaida haijumuishi maonyesho ya sinema. Isome, na kama neno sinema halimo, iombe upya. Ndivyo ilivyo kwa mikataba ya waigizaji, ambayo hutaja vyombo, nchi na muda. Katika nchi nyingi tangazo hupitia chombo cha udhibiti au cha kutoa madaraja kabla ya kuonyeshwa, na kazi hiyo inaweza kuchukua wiki, kwa hiyo andika maelezo ya hadithi mapema na uyapeleke kabla ya kupiga picha kama utaratibu unaruhusu. Pombe, kamari, dawa na siasa hubanwa zaidi. Tumbaku, ambayo ilikuwa bidhaa ya mojawapo ya filamu za kwanza kabisa za matangazo, ile ya sigara za Admiral iliyotengenezwa na kampuni ya Edison mwaka 1897, sasa imepigwa marufuku sinema katika nchi nyingi.

Faili lipewe jina kwa kufuata mtindo wa vifurushi vya sinema, ambamo herufi ADV hutambulisha tangazo, TLR trela na FTR filamu. Fundi anayepanga orodha ya maonyesho ya kumbi nane usiku wa manane hana muda wa kufungua faili lililoitwa mwisho kabisa mpya. Usilifunge tangazo kwa ufunguo wa siri kama zinavyofungwa filamu. Hakuna atakayeliiba, na ufunguo uliokwisha muda wake utaliacha lisichezwe.

Kaa ukumbini

Kabla ya siku ya kwanza, omba dakika 10 za asubuhi katika ukumbi mmoja, tangazo lichezwe kutoka kwenye seva ileile itakayotumika, sauti ikiwa kwenye namba ileile na taa zikiwa katika hali ileile ya onyesho la kawaida. Litazame mara tatu: kutoka safu ya pili, kutoka kona ya nyuma, na mara ya mwisho ukiwa umefumba macho. Kasoro nyingi za sauti huonekana hapo, kwa namna ya kusema.

Kisha nunua tiketi kama mtu mwingine. Nenda siku ya katikati ya wiki yenye watu wachache, na nenda Jumamosi usiku. Usiitazame skrini, kwa kuwa tangazo unalijua, watazame watu. Angalia ni sekunde gani mwanga wa simu unapungua na ni sekunde gani unaongezeka, nani anageuka kumnong'oneza jirani, na mlango unafunguliwa mara ngapi. Ukiona mlango hautulii wakati wa tangazo lako, una hoja ya kuomba nafasi ya mbele zaidi kuelekea filamu, na hoja hiyo ina nguvu kuliko malalamiko ya jumla.

Kwa upande wa hesabu, idadi ya tiketi zilizouzwa ni takwimu imara, ila isome kwa uangalifu: tiketi ya aliyeingia filamu ikiwa imeanza nayo imehesabiwa. Omba tiketi za maonyesho ambayo tangazo lako lilikuwemo, wala si za jengo zima. Ili kujua kama watu walichukua hatua, toa neno la punguzo ambalo halitajwi popote pengine isipokuwa sinema, au linganisha mauzo ya maeneo yenye kumbi zilizoonyesha tangazo na yale yasiyo nazo, kwa wiki zilezile. Waambie pia wahudumu wako wamuulize mteja mpya amelisikia jina wapi na waandike jibu lake siku hiyohiyo.

Hati ambayo wanunuzi wengi hawajui kuidai ni kumbukumbu za seva. Kila kifurushi kinapochezwa, seva huandika tarehe, saa na ukumbi, na kumbukumbu hizo huweza kutolewa kwa mnunuzi. Ziombwe katika mkataba, zipokewe kila wiki, na zilinganishwe na idadi ya maonyesho uliyolipia. Zikipungua, ama kwa sababu projekta iliharibika, ama orodha ilipangwa upya na jina la faili lako likaachwa, dai maonyesho ya fidia katika filamu ya kiwango kilekile na katika nafasi ileile ya mpangilio, na uyadai kabla filamu hiyo haijaondoka kwenye kumbi.